Maisha ya Gama, Bingwa wa Mieleka

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona vijana wakipigana mieleka. Labda uliwaona machungani, ng'ombe wakiwa wanakula majani. Labda wewe mwenyewe ulipokuwa kijana ulimwangusha mwenzako, au uliangushwa wewe. Mchezo huu ni wa zamani sana, na unachezwa karibu kila mahali duniani. Hauhitaji vifaa vya kununua. Unahitaji watu wawili, mahali palipo laini, na mtu wa tatu wa kuamua.

Lakini wako watu ambao mieleka ilikuwa ndiyo kazi yao. Mkulima anaishi kwa jembe, mvuvi anaishi kwa nyavu, nao waliishi kwa mieleka. Walikula kwa mieleka, wakavaa kwa mieleka, wakalea watoto wao kwa mieleka. Katika habari hii utasoma maisha ya mtu mmoja wa namna hiyo. Jina lake kamili lilikuwa Ghulam Muhammad Baksh, lakini watu wote walimwita Gama. Anakumbukwa mpaka leo kuwa mtu ambaye hakupata kushindwa.

Utasoma jinsi alivyopata nguvu zake. Utasoma jinsi alivyokwenda nchi ya mbali na kukataliwa. Pia utasoma yaliyompata alipokuwa mzee, wakati nguvu zimekwisha. Soma polepole. Ukifika mwisho utakuta maswali ya kuzungumza na wenzako darasani.

Nchi ya mito mitano

Gama alizaliwa mwaka 1878 katika nchi ya Punjab, upande wa kaskazini wa Bara Hindi. Jina la Punjab maana yake ni maji matano, kwa sababu mito mitano mikubwa inapita katika nchi hiyo. Watu wake wengi ni wakulima wa ngano na wafugaji wa ng'ombe na nyati wa maziwa. Huenda umesikia habari za watu wa Punjab bila kujua. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilijengwa na maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi, na wengi wao walitoka Punjab.

Wakati huo karibu Bara Hindi zima lilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Lakini Waingereza waliwaacha wafalme wa zamani waendelee kukaa katika sehemu zao, mradi watii. Wengi wa wafalme hao waliitwa maharaja. Walikuwa zaidi ya 500, wengine wakubwa na wengine wadogo. Kumbuka habari ya wafalme hawa, kwa maana itatusaidia kuelewa maisha ya Gama.

Baba yake Gama aliitwa Muhammad Aziz Baksh. Yeye naye alikuwa mpiga mieleka mwenye sifa. Lakini alifariki Gama alipokuwa na umri wa miaka sita hivi. Mtoto akabaki yatima. Babu yake mzaa mama akamchukua na kumlea. Babu naye alikuwa mpiga mieleka. Babu alipofariki, mjomba wake aliyeitwa Ida akaendelea kumlea, na ndiye aliyeanza kumfundisha kazi. Basi unaona kwamba ukoo wote ulikuwa wa kazi moja. Gama alirithi kazi hiyo kama mtoto wa mhunzi anavyorithi nyundo.

Shindano la Jodhpur

Mwaka 1888 maharaja wa Jodhpur alitangaza shindano. Halikuwa shindano la kuangushana. Lilikuwa shindano la kuchuchumaa na kusimama, kuchuchumaa na kusimama, mpaka mtu achoke. Zoezi hili ndilo msingi wa nguvu za mpiga mieleka wa Bara Hindi. Atakayedumu zaidi ya wengine ndiye atakayeshinda.

Walikuja zaidi ya watu 400, na wengi wao walikuwa watu wazima wenye majina. Gama alikuwa na miaka kumi tu. Zoezi likaanza. Mmoja akaacha, akafuata wa pili, wakafuata wengine kwa makumi. Mwisho walibaki watu 15 tu uwanjani, na kati ya hao 15 alikuwamo yule mtoto. Maharaja akasimamisha shindano. Akasema mtoto huyu ndiye mshindi, kwa kuwa amedumu pamoja na mabingwa naye bado ni mdogo. Inasimuliwa kuwa baada ya hapo Gama alilala kitandani siku nyingi kwa maumivu ya miguu.

Habari zake zikaenea. Maharaja wa Datia akamchukua, akamweka chini ya ulinzi wake, na akaagiza afundishwe vizuri.

Kazi ya kila siku

Sasa ndugu msomaji, hebu tuangalie mpiga mieleka wa Bara Hindi alivyofanya kazi. Mahali pa mazoezi paliitwa akhara. Ni shimo pana lisilo na kina kirefu, lililojazwa udongo laini. Udongo huo haukuokotwa tu popote. Ulichekechwa mawe yakatolewa, ukachanganywa na mafuta, maziwa ya mtindi na manjano, ili uwe laini na usiumize ngozi.

Kila asubuhi kabla ya jua kuchomoza, vijana walishika jembe na kuulima udongo huo. Waliulima wote, kutoka upande huu hadi upande ule, kisha wakausawazisha. Wewe mkulima unajua kazi ya jembe inavyojenga mgongo na mabega. Kwao jembe lilikuwa zoezi la kwanza la siku. Pia udongo uliokwisha kulimwa humpokea vizuri anayeanguka.

Baada ya hapo walivaa winda tu, wakajipaka udongo mwilini, wakaanza kushikana. Kisha yalifuata mazoezi. La kwanza ni lile la kuchuchumaa na kusimama. La pili ni kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono. La tatu ni kuzungusha marungu mazito ya mbao nyuma ya mabega. Wengine walivaa shingoni pete kubwa ya jiwe, ili uzito uzidi. Inasemekana kwamba Gama alipokuwa mtu mzima alichuchumaa na kusimama mara maelfu kwa siku moja, na alishindana na wenzake 40 mmoja baada ya mwingine.

Katika akhara watu hawakuulizana dini wala ukoo. Mwislamu, Mhindu na Kalasinga waliweza kuingia katika udongo mmoja. Kila mmoja alimheshimu mwalimu wake, akagusa miguu yake kabla ya kuanza. Aliyekuwa na kiburi alirudishwa nyumbani.

Kushinda kulikuwa jambo la wazi. Ukimlaza mwenzako chali, mabega yake yote mawili yakagusa chini, umeshinda. Hakukuwa na haja ya kuhesabu pointi.

Nani alimlisha?

Labda umejiuliza swali moja. Mtu anayefanya mazoezi kutwa nzima, analima saa ngapi? Anapata wapi chakula?

Swali hili ni zuri. Mpiga mieleka alihitaji chakula kingi kuliko mtu wa kawaida. Alikunywa maziwa kwa lita nyingi, alikula samli, lozi, nyama na supu. Mkulima maskini asingeweza kumpa mwanawe chakula hicho kila siku. Waliokiweza ni wale maharaja. Kila maharaja alipenda kuwa na bingwa wake, kama vile tajiri anavyopenda kuwa na farasi wa mashindano. Alimpa nyumba, chakula na mshahara. Bingwa akishinda, sifa ilimwendea maharaja.

Mpango huo ulikuwa na faida, maana ulimfanya Gama awe Gama. Lakini ulikuwa na hatari yake pia. Mtu anayelishwa na mkono wa mtu mwingine hubaki na njaa mkono huo ukiondoka. Kumbuka maneno haya. Tutayarudia.

Gama na Raheem

Alipofika umri wa miaka 17, Gama alikutana na bingwa mkubwa wa Bara Hindi wa wakati ule. Huyo aliitwa Raheem Bakhsh Sultaniwala, mtu wa Gujranwala, Punjab. Raheem alikuwa jitu. Urefu wake ulikaribia futi saba. Gama alikuwa na futi tano na inchi saba hivi. Ukimsimamisha mmoja karibu na mwingine, kichwa cha Gama kilifika kifuani kwa Raheem.

Watu walidhani mambo yatakwisha mara moja. Haikuwa hivyo. Walishikana kwa muda mrefu. Raheem alikuwa na urefu na uzoefu, lakini umri wake ulikuwa umeanza kuwa mkubwa. Gama alikuwa na wepesi na pumzi. Hakuna aliyemlaza mwenzake, wakatoka sare. Walikutana tena miaka iliyofuata, na bado hakuna aliyeshinda.

Kwa muda huo Gama aliwaangusha mabingwa wengine wote waliomkabili. Ilipofika mwaka 1910 akabaki Raheem peke yake ambaye hakuwa ameangushwa na Gama. Basi Gama akageuza macho yake upande wa ng'ambo.

Safari ya London

Mwaka 1910 Gama alipanda meli kwenda Uingereza. Hakwenda peke yake. Alikwenda na mdogo wake Imam Bakhsh, na wapiga mieleka wengine wawili, Ahmed Bakhsh na Gamu. Aliyewapeleka alikuwa mfanyabiashara wa michezo aliyeitwa R. B. Benjamin.

Huko Ulaya na Marekani mieleka ilikuwa biashara. Hakukuwa na maharaja wa kumlisha mtu. Watu walilipa viingilio, na fedha hizo ziligawanywa kati ya wenye majumba ya michezo, wapangaji wa mapambano na wapiga mieleka wenyewe. Wakati mwingine wapinzani walipatana mapema nani atashinda, ili watazamaji wafurahi na warudi tena. Mabingwa wakubwa walichagua wapinzani wao kwa uangalifu, kwa sababu kushindwa mara moja kuliharibu biashara ya miaka mingi.

Gama alipofika London alikuta mlango umefungwa. Inasimuliwa kwamba wenye mashindano walimwona mfupi, wakakataa kumwingiza. Fikiri hali yake. Amesafiri baharini majuma mengi, hajui Kiingereza, na amekuja katika mji mkuu wa wale wanaoitawala nchi yake. Wanamwambia hafai.

Hakurudi nyumbani. Benjamin akaandika tangazo. Tangazo lilisema kwamba mtu yeyote, wa taifa lolote, aje ashindane na mmoja wa Wahindi hawa. Asipoangushwa katika dakika tano, atalipwa pauni tano. Gama mwenyewe akatoa ahadi kubwa zaidi. Alisema yuko tayari kuwaangusha watu watatu, wa uzito wowote, ndani ya dakika 30. Wengi walidhani ni majivuno ya biashara. Gama akawaita kwa majina mabingwa wawili waliokuwa wakisifiwa kuliko wote, George Hackenschmidt na Frank Gotch, waje uwanjani. Hawakuja.

Mwisho alitokea Mmarekani mmoja, Benjamin Roller. Roller alikuwa daktari wa tiba, tena mtu mkubwa mwenye nguvu. Walikutana mwezi wa Agosti 1910. Mara ya kwanza Gama alimlaza chali katika dakika moja na sekunde 40. Wakapumzika, wakaanza tena. Mara ya pili Gama alimlaza baada ya dakika tisa na sekunde kumi. Mdogo wake Imam naye akamwangusha Mswisi mmoja mwenye sifa, John Lemm. Sasa magazeti ya London yakaanza kuandika habari za Wahindi hao kwa heshima. Mlango uliokuwa umefungwa ukafunguliwa.

Siku ya tarehe 10 Septemba

Gazeti moja la Uingereza lililoitwa John Bull lilikuwa limetoa mkanda wa ubingwa wa dunia, pamoja na pauni 250. Gama akapangiwa kushindana na Stanislaus Zbyszko, mtu wa Poland. Zbyszko alikuwa mnene, mzito kuliko Gama kwa ratili nyingi, na shingo yake ilikuwa kama gogo. Alikuwa amewashinda mabingwa wengi wa Ulaya na Marekani.

Walikutana London tarehe 10 Septemba 1910, katika uwanja wa wazi, mbele ya maelfu ya watu. Hapakuwa na udongo uliolimwa. Palikuwa na jamvi nene lililotandikwa chini.

Mara tu walipoanza, Gama alimbeba Zbyszko chini. Zbyszko akatambua nguvu alizokutana nazo. Akaamua jambo moja. Akalala kifudifudi, akakaza mikono na magoti juu ya jamvi, akabaki hivyo. Kwa sheria za mchezo, mtu aliyelala kifudifudi hajashindwa, kwa sababu mabega yake hayajagusa chini. Gama alimvuta, akamsukuma, akamzunguka huku na huku, akajaribu kila mbinu aliyofundishwa. Zbyszko hakugeuka. Uzito wake ulimsaidia. Alikuwa kama kobe aliyeingia katika gamba lake.

Wakaenda hivyo kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Watazamaji walikasirika, wakamzomea Zbyszko. Jua likaanza kuzama. Waamuzi wakasimamisha pambano, wakasema litarudiwa baada ya juma moja, tarehe 17 Septemba.

Siku hiyo ilipofika, Gama alikuja uwanjani. Akasubiri. Watu wakasubiri. Zbyszko hakuonekana. Waamuzi wakampa Gama ushindi, pamoja na mkanda na fedha.

Gama akarudi kwao na mkanda wa ubingwa. Watu wa Bara Hindi walifurahi sana. Walikuwa wakitawaliwa, na waliambiwa kila siku kwamba wao ni dhaifu. Sasa mtoto yatima wa Punjab alikuwa amekwenda mpaka London, na mabingwa wa Ulaya na Marekani wamemshindwa. Lakini jambo moja lilibaki. Zbyszko hakuwa amelazwa chali. Watu wengine waliendelea kusema kwamba ushindi wa kupewa si sawa na ushindi wa kuangusha.

Baada ya kurudi, Gama alikutana tena na Raheem Bakhsh, katika mji wa Allahabad. Safari hii Gama akashinda. Sasa hakukuwa na mtu katika Bara Hindi ambaye angeweza kudai ubingwa wake. Watu wakamwita Rustam wa Hindi, kwa jina la shujaa wa hadithi za zamani za Waajemi.

Miaka 17 ya kungoja

Miaka ikapita. Gama alikaa chini ya maharaja wa Patiala, huko Punjab. Alifundisha vijana, akaendelea na mazoezi yake. Zbyszko naye hakulala. Alikwenda Marekani, akapata ubingwa wa dunia mwaka 1921, na akaupata tena mwaka 1925.

Mwanzoni mwa mwaka 1928 maharaja wa Patiala alimwalika Zbyszko aje amalize kazi aliyoiacha London. Zbyszko akakubali. Akasafiri mpaka Patiala. Miaka 17 na zaidi ilikuwa imepita. Gama alikuwa anakaribia miaka 50. Zbyszko naye alikuwa wa rika lake. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuja, kwa treni, kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa miguu.

Safari hii walishindana juu ya udongo, kwa desturi ya Bara Hindi. Walisimama, wakasogeleana, wakashikana. Haikutimia dakika moja, Zbyszko akawa amelala chali, mabega yote mawili chini. Waliotoka mbali na wakachelewa kukaa hawakuona kitu.

Zbyszko alikubali kwamba ameshindwa na bingwa. Mwaka uliofuata, 1929, Gama akamwangusha mpinzani mwingine kutoka ng'ambo, Jesse Petersen, katika dakika moja na nusu hivi. Baada ya hapo hakuna aliyekuja.

Mwaka 1947

Sasa tumefika mahali pagumu katika habari hii.

Mwezi wa Agosti 1947 Waingereza waliondoka Bara Hindi. Nchi ikagawanywa mara mbili, India na Pakistani. Mpaka ulipita katikati ya Punjab yenyewe. Mji wa Amritsar ukabaki India, na mji wa Lahore ukawa Pakistani, ingawa kati yao ni kama kilomita 50 tu. Waislamu waliokuwa upande wa India wakakimbilia Pakistani. Wahindu na Makalasinga waliokuwa upande wa Pakistani wakakimbilia India. Watu zaidi ya milioni kumi walihama. Majirani walioishi pamoja miaka mingi wakageukiana. Mamia ya maelfu ya watu waliuawa, vijijini, njiani na ndani ya treni.

Gama alikuwa Mwislamu, na wakati huo alikuwa Lahore. Umri wake ulikuwa karibu miaka 70. Katika mtaa wake waliishi Wahindu wengi. Inasimuliwa kwamba kundi la watu wenye hasira lilikuja katika mtaa huo ili kuwashambulia Wahindu. Gama akatoka na wanafunzi wake wa mieleka, akasimama mbele ya njia. Aliwajulisha kwamba atakayetaka kuwagusa majirani zake aanze na yeye. Wale watu walimwona, wakamtambua, wakarudi. Baadaye hali ilipozidi kuwa mbaya, Gama aliwapa majirani chakula cha safari kwa fedha zake mwenyewe, akawasindikiza kuelekea mpakani.

Katika uwanja wa London Gama alipata mkanda na pauni 250. Katika mtaa wa Lahore hakupata zawadi, wala hapakuwa na waamuzi. Hata hivyo, wako wanaosema kwamba hilo ndilo pambano lake kubwa kuliko yote.

Uzee wake

Baada ya uhuru, wafalme wadogo waliondolewa katika utawala. Sehemu zao ziliingizwa katika nchi mpya. Jambo hilo lilikuwa zuri kwa wananchi wengi, waliochoka kutawaliwa na maharaja. Lakini wapiga mieleka walipoteza watu waliowalisha. Patiala ilibaki India, na Gama alikuwa Pakistani. Mkono uliomlisha ulikuwa umeondoka, kama tulivyosema mwanzoni.

Gama hakuwa na shamba kubwa wala duka. Alikuwa ameweka maisha yake yote katika nguvu za mwili, na nguvu za mwili hazihifadhiwi ghalani kama mahindi. Alianza kuugua. Pumzi, ile pumzi iliyomshinda Raheem, ikawa taabu kwake. Fedha za dawa zikawa shida.

Serikali ya Pakistani ilimsaidia kwa matibabu. Kisha msaada mwingine ukaja kutoka ng'ambo ya mpaka. Tajiri mmoja wa India, G. D. Birla, aliyekuwa Mhindu na mpenzi wa mieleka, alimpelekea rupia 2,000, akaahidi kumpa rupia 300 kila mwezi. Mpaka uliokuwa umewatenganisha watu kwa damu haukuzuia msaada huo.

Gama alifariki Lahore tarehe 23 Mei 1960, akiwa na umri wa miaka 82. Mdogo wake Imam na watoto wa Imam waliendelea na kazi ya ukoo. Mtoto wa Imam aliyeitwa Bholu alikuwa bingwa wa Pakistani. Mpaka leo, katika Punjab zote mbili, ya India na ya Pakistani, vijana wakianza kulima udongo wa akhara alfajiri, jina la Gama hutajwa.

Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, umesoma maisha ya mtu mmoja kutoka utoto wake hadi kifo chake. Huenda usipigane mieleka tena. Lakini yako mambo ya kufikiri katika habari hii.

Gama hakuzaliwa na nguvu zile. Alizijenga kidogo kidogo, kila siku, tangu alipokuwa mtoto, kama wewe ulivyojifunza kusoma herufi moja baada ya nyingine. Alipokataliwa London hakugombana na mtu wala hakurudi nyumbani. Alitafuta njia nyingine ya kuonyesha kazi yake. Nguvu zake alizitumia kuwalinda majirani wa dini nyingine, wakati wengi walizitumia kuua. Lakini pia alifika uzeeni bila akiba, kwa sababu maisha yake yalitegemea watu wengine na mwili wake tu. Mtu hodari naye huzeeka. Ni vizuri kufikiri habari za uzee wakati jembe bado ni jepesi mkononi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Nani alimlea Gama baada ya baba yake kufariki?
2. Kwa nini vijana wa akhara walilima udongo kila asubuhi?
3. Gama alifanya nini alipokataliwa kuingia katika mashindano ya London?
4. Zbyszko alifanya nini ili asishindwe tarehe 10 Septemba 1910? Je, unaona alifanya haki?
5. Kwa nini Gama alipata taabu ya fedha alipokuwa mzee?
6. Katika kijiji chenu, wazee wasio na nguvu wanasaidiwaje? Mnaweza kufanya nini zaidi?